Damu Inaporudi

Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Ujerumani zilikuwa zikiipiga London mabomu usiku baada ya usiku. Ilipofika Novemba, vikosi vya uokoaji vilikuwa vimeshaizoea kazi: kunyamaza na kusikiliza sauti chini ya kifusi, kuchimba kwa mikono pale sepeto lisipopenya, kuinua boriti, kumvuta mtu. Wapo waliovutwa wakiwa hai na akili zao timamu. Mtu amejaa vumbi la chokaa tangu nywele hadi kucha, mguu umelaliwa na ukuta kwa saa kadhaa, lakini anaongea na anauliza habari za watu wake. Mguu wenyewe una ganzi na alama za kubanwa, basi. Mapigo ya moyo yako sawa, presha nzuri. Akifikishwa hospitali anawekwa pembeni, kwa sababu wapo wanaovuja damu ambao hawawezi kusubiri.

Baada ya saa chache ule mguu huanza kuvimba, ukakaza mpaka ukawa mgumu kama gogo. Presha huanguka. Madaktari humtundikia plazima, presha ikapanda, kila mtu akashusha pumzi. Kisha mkojo hupungua, na hicho kidogo kinachotoka ni cha kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea majani. Siku ya tatu, siku ya nne, mkojo karibu haupo. Mgonjwa bado anaongea. Yapata wiki moja tangu atolewe chini ya kifusi, anakufa ghafla.

Eric Bywaters, daktari kijana wa Hospitali ya Hammersmith, aliwaona wagonjwa wanne wa namna hiyo. Yeye na mwenzake Beall wakaandika habari zao katika jarida la madaktari wa Uingereza, Machi 1941. Kilichowasumbua ni kitu ambacho hata mtu asiye daktari angekiuliza: ukuta umeangukia mguu, imekuwaje figo ndizo zilizokufa?

Msomaji aliyekaa na mgao wa umeme hahitaji maelezo marefu. Umeme ukikatika, mwenye nyumba hukimbilia kuchomoa friji na televisheni. Haogopi giza. Anaogopa ule wakati umeme utakaporudi kwa kishindo, kwa sababu hapo ndipo vitu vinapoungua. Damu nayo ina tabia hiyo. Nyama ya mguu uliobanwa hukaa saa kadhaa bila oksijeni, utando wa seli zake ukalegea, lakini hakuna kinachotoka kwa sababu njia zimezibwa na uzito uleule wa ukuta. Waokoaji wakiuinua ukuta, damu inaingia kwa nguvu. Maji ya damu yanavujia kwenye nyama mpaka mwili mzima unaishiwa, na damu inayorudi moyoni inabeba vilivyomwagika: potasiamu inayoweza kuusimamisha moyo, na miogilobini, ile rangi nyekundu ya nyama, ambayo ikifika kwenye mirija ya figo huganda na kuiziba. Figo zinapigwa mara mbili. Zinaletewa sumu na wakati huohuo zinapunguziwa damu yao wenyewe.

Nazo si viungo vya kupunguziwa damu. Figo mbili za mtu mzima zina uzito wa kama gramu 300 tu, lakini hupewa takriban robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku huchuja kama lita 180 za maji, kisha huyarudisha mwilini karibu yote na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Kuchuja si kazi kubwa, kazi ni kurudisha. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika ndani kabisa ya figo, mahali ambapo oksijeni ni haba hata kwa mtu mzima wa afya. Ni kiwanda kizito kilichojengwa mwisho wa laini ya umeme, na nguvu ikipungua kidogo, kwingine taa hufifia tu, pale mashine husimama.

Bywaters hakuwa wa kwanza kuyaona haya. Mwaka 1923 Mjapani Seigo Minami, akifanya kazi Ujerumani, alikuwa ameeleza figo za askari waliofukiwa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yale yakasahaulika rafuni. Lakini Bywaters alikuwa na wagonjwa mbele yake na mabomu hayakukoma, kwa hiyo alilifuatilia jambo hadi kwa sungura wa maabara, akaona kwamba miogilobini hudhuru zaidi mkojo ukiwa na asidi. Ushauri ukawa mwepesi kusema: mpe mtu maji mapema, na dawa ya kupunguza asidi. Kuutekeleza usiku, chini ya boriti, ilikuwa habari nyingine.

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, Willem Kolff alikuwa akitengeneza figo bandia katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Alitumia utumbo wa selofani, ule wa kufungia soseji, akauzungushia kwenye pipa la mbao linalozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Aliyepona, mwaka 1945, alikuwa mama wa miaka 67. Vita vilipokwisha Kolff aligawa mashine zake bure, na mojawapo ikaenda Hammersmith mikononi mwa Bywaters. Mashine ile haikuponya figo, ila ilimshikilia mgonjwa. Figo iliyokosa damu kwa muda, seli za mirija yake zikafa, inaweza kuota seli mpya ndani ya wiki chache, mradi mwenyewe awe bado hai.

Lakini kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakiikata damu ya figo kwa makusudi.

Tarehe 3 Aprili 1933, katika mji wa Kherson, Ukraine, daktari wa upasuaji Yurii Voronoy alichukua figo ya mzee wa miaka 60 aliyekufa kwa kupasuka kichwa, akaipandikiza kwenye paja la mwanamke wa miaka 26 aliyekunywa sumu ya zebaki. Kushona mishipa lilikuwa jambo linalojulikana. Mfaransa Alexis Carrel alikuwa amelifumbua miaka 30 nyuma huko Lyon, baada ya kujifunza matumizi ya sindano nyembamba kwa fundi wa kudarizi. Kwa hiyo Voronoy alishona na damu ikapita. Figo ilitoa mkojo kidogo, kisha ikanyamaza, na mwanamke akafariki baada ya siku mbili. Makundi ya damu yalikuwa hayapatani, ni kweli, na hilo peke yake lingetosha kuiua. Hata hivyo mimi hurudi kwenye namba nyingine ya siku ile: saa sita. Mzee alikuwa maiti kwa saa sita figo ikiwa ndani yake, katika joto lake, kabla haijatolewa. Hata kama damu zingekuwa za ndugu wa tumbo moja, figo ile ilikuwa imeshakwenda.

Huko Boston, tarehe 23 Desemba 1954, damu zilikuwa za ndugu wa tumbo moja kwelikweli. Ronald na Richard Herrick walikuwa pacha wa kufanana. Ronald alitoa figo na Joseph Murray akaishonea kwa Richard katika Hospitali ya Peter Bent Brigham. Kila mtu anaikumbuka siku ile kwa ajili ya pacha, kwamba mwili haukukataa kiungo cha mwenzake. Kwenye kumbukumbu za upasuaji kuna namba nyingine ambayo haitajwi sana: figo ilikaa dakika 82 bila damu. Vibano vilipofunguliwa ikarudi rangi, mkojo ukatiririka. Richard akaishi miaka minane zaidi.

Dakika 82 zilivumilika, saa sita hazikuvumilika. Historia yote ya kulinda figo iko katikati ya namba hizo mbili, na silaha ya kwanza ikawa barafu. Ubaridi hupunguza ulaji wa seli. Kila nyuzi joto kumi zinazoshuka, kazi ya seli hupungua kwa karibu nusu, na kwenye nyuzi nne seli inaishi kwa akiba kidogo sana. Shida ni kwamba ubaridi huzima pia ile pampu inayoitoa sodiamu nje ya seli na kuibakiza potasiamu ndani. Pampu ikizima, chumvi na maji huingia na seli ikavimba. Figo iliyowekwa kwenye barafu tupu huoza polepole, lakini huoza.

Geoffrey Collins, akiwa Los Angeles na wenzake katika maabara ya Paul Terasaki, alilitatua hilo mwaka 1969 kwa wazo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini hukuliwaza wewe. Kama chumvi za nje zitaingia pampu ikizima, basi fanya maji ya nje yafanane na ya ndani. Akatengeneza maji yenye potasiamu mara zaidi ya ishirini ya ile iliyomo kwenye damu, akaongeza glukosi ya kuzuia uvimbe, akayapitisha baridi kwenye figo za mbwa na kuzilaza kwenye barafu. Baada ya saa 30 zikafanya kazi. Tangu hapo figo ikaweza kusafiri ndani ya sanduku la barafu, kwenye buti la teksi au kwenye ndege ya abiria.

Mpinzani wake alikuwa Folkert Belzer wa San Francisco, ambaye hakuamini katika kulaza. Yeye alitaka figo isukumiwe maji baridi muda wote kwa mashine, na mwaka 1967 alikuwa ameshazihifadhi figo za mbwa kwa saa 72. Siri yake ilikuwa usafi wa plazima: aliigandisha, akaiyeyusha, akachuja mafuta yaliyojitenga, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakiziba mishipa midogo. Mashine zake za mwanzo zilikuwa kubwa na nzito. Sanduku la barafu ni rahisi na halihitaji fundi, likashinda. Belzer alihamia Wisconsin akiwa na kinyongo chake cha kisayansi, na habari zake zinarudi hapa chini.

Wakati huohuo maswali yalikuwa yakihamia kwenye oksijeni yenyewe. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Joe McCord na mwalimu wake Irwin Fridovich walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima aina ya oksijeni yenye ukali, iitwayo superoksidi. Kama mwili umeweka mzimamoto wa kudumu, basi moto upo. Miaka ya 1980 McCord na Granger wakaonyesha unatoka wapi. Seli ikikosa oksijeni huvunja akiba yake ya nguvu, na mabaki yake hulundikana kama majani makavu. Oksijeni ikirudi ghafla, majani yanashika.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Parks na Granger, 1986, kwenye utumbo wa paka. Utumbo mmoja ulinyimwa damu kwa saa nne. Mwingine ulinyimwa kwa saa tatu, kisha ukarudishiwa kwa saa moja. Kwa hesabu ya kawaida wa pili ulipaswa kuwa na nafuu. Huo ndio ulioharibika zaidi.

Belzer, sasa akiwa Madison na mwanakemia James Southard, aliyasoma hayo. Maji waliyoyatoa mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa kama jiko la mama mwenye nyumba: kitu kilichotokana na sukari ya maziwa, wanga uliobadilishwa, na rafinosi, ambayo ni ile sukari ya maharage inayotuaibisha mbele za watu. Hizo zilikuwa za kuzuia uvimbe. Humo humo wakaweka glutathioni ya kuzima moto, na alopurinoli, dawa ya kawaida ya gauti, ambayo hukizuia kimeng'enya kinachowasha yale majani. Maini, ambayo awali hayakuvuka saa nane kwa usalama, yakaweza kukaa siku nzima. Maji hayo yakaenea dunia nzima kwa jina la chuo chao, Wisconsin.

Baada ya hapo ungetarajia ushindi mfululizo. Haukuja. Panya wa maabara ameshapona maradhi ambayo binadamu bado anakufa nayo, na figo ni mfano mchungu. Dawa za kuzima oksijeni kali zilizowaokoa panya zilipofika kwa wagonjwa zilipwaya. Walter Land wa Munich alijaribu kuwapa watu waliopandikizwa figo kile kimeng'enya cha McCord wakati wa upasuaji. Mwaka 1994 akaripoti kwamba figo hazikuamka mapema zaidi, ila baadaye zilikataliwa na mwili mara chache zaidi. Hilo nalo lilikuwa funzo kubwa, kwamba jeraha la dakika za kwanza ndilo linaloutangazia mwili kuwa kuna mgeni. Kwa upande wa wagonjwa mahututi, dopamini ya kiwango kidogo ilitundikwa kwa miaka mingi katika wodi za dunia nzima kwa imani kwamba inafungua mishipa ya figo. Mwaka 2000 madaktari wa Australia na New Zealand waliipima kwa wagonjwa 328. Haikuokoa chochote.

Kilichookoa kilikuwa maji, kama Bywaters alivyokuwa amehisi. Novemba 1982 jengo lililokuwa na askari wa Israeli liliporomoka mjini Tyre, kusini mwa Lebanon. Safari hii dripu ilianza palepale kwenye kifusi, mara mkono unapofikiwa, kabla mtu hajatolewa. Wagonjwa saba waliopata jeraha la kubanwa nyama walifuatiliwa, wakiendelea kupewa maji mengi na dawa ya kupunguza asidi hospitalini. Hakuna hata mmoja ambaye figo zake zilikufa. Kundi la watu saba ni dogo, lakini ukilinganisha na wale wa Hammersmith linatisha kwa tofauti.

Miaka 17 baadaye, Agosti 1999, tetemeko la Marmara nchini Uturuki lilikuja na umati ambao hakuna dripu ingewatosha: watu 639 wenye matatizo ya figo, 477 kati yao wakahitaji mashine ya kusafisha damu. Lilipotokea tetemeko la Bingöl mwaka 2003, madaktari wa Kituruki walikuwa wamejifunza. Wagonjwa 16 walitundikiwa maji mapema, na ni wanne tu waliofika kwenye mashine. Ninaposoma habari za majengo yetu yanayoporomoka, Huruma jijini Nairobi mwaka 2016, Kariakoo jijini Dar es Salaam mwaka 2024, jicho langu siku hizi hutafuta kitu kimoja: nani aliyekuwa ameshika chupa ya dripu, na ilianza kabla ya ukuta kuinuliwa au baada yake.

Palikuwa na tumaini jingine, la ajabu kuliko yote, nalo lilitoka tena Duke. Mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer waliubana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakauachia kwa tano, mara nne, ndipo wakaubana kwa dakika 40. Ungesema wanaongeza kidonda juu ya kidonda. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoeshwa. Kiungo kilichoonjeshwa njaa kidogo kilijifunza kustahimili njaa kubwa. Na haikulazimu kiwe kiungo kilekile. Ilionekana unaweza kuubana mkono, na moyo au figo ikapata salamu.

Fikiria unafuu wake: mkanda wa kupimia presha, uliopo hata katika zahanati ya kijiji. Mwaka 2015 Alexander Zarbock na wenzake Ujerumani walichukua wagonjwa 240 wa upasuaji wa moyo walio katika hatari kubwa ya kuumia figo. Nusu walibanwa mkono mara tatu, dakika tano tano, kwa presha ya 200. Walioumia figo katika kundi hilo walikuwa asilimia 37.5, na katika kundi jingine 52.5. Watu walifurahi. Furaha ilidumu miezi michache. Oktoba mwaka uleule zilitoka taarifa mbili pamoja, moja ya Ujerumani yenye wagonjwa zaidi ya 1,300 na moja ya Uingereza yenye zaidi ya 1,600. Mkanda haukuwa umeokoa moyo wala figo. Wengine wanailaumu propofoli, dawa ya usingizi waliyopewa wengi wa wagonjwa hao, kwamba huenda ndiyo iliyofuta ile salamu. Inawezekana. Mimi naona namba 240 ilikuwa ndogo kwa kubeba tumaini zito vile.

Belzer hakuishi kuona mashine yake ikirudi. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio la haki kuliko mengi. Walichukua wafadhili 336 waliofariki, na kila mmoja figo zake mbili zikatenganishwa, moja ikawekwa kwenye barafu na pacha wake kwenye mashine inayosukuma maji baridi. Figo zilizolala bila kuamka katika wiki ya kwanza zilikuwa asilimia 26.5 kwenye barafu na 20.8 kwenye mashine. Baada ya mwaka mmoja, 94 kati ya 100 za mashine zilikuwa hai, dhidi ya 90 za barafu. Ni tofauti ndogo iliyochukua miaka 40 kukubalika.

Katika Hospitali ya Muhimbili, ulikofanyika upandikizaji wa figo Novemba 2017 mara ya kwanza kwa Tanzania, figo haina haja ya ndege. Mfadhili ni ndugu aliye hai na yuko chumba cha jirani. Hata hivyo taratibu za safari ndefu ziko palepale. Figo ikitolewa huwekwa kwenye bakuli la chuma lenye barafu iliyosagwa, mrija mwembamba ukaingizwa kwenye mshipa wake, na maji baridi yakapitishwa mpaka yanayotoka upande wa pili yawe meupe. Inabaki ya kijivu, laini, kama jiwe la mtoni lililolowa. Inapoanza kushonwa, kila mmoja chumbani anahesabu dakika kimoyomoyo.

Sindano ya mwisho ikipita, daktari wa upasuaji hafungui. Anamtazama kwanza mtaalamu wa usingizi, naye anatazama presha, anaongeza maji, anasubiri ipande, maana damu ikirudi kwa unyonge figo itapigwa mara ya pili. Presha ikifika, kibano cha vena hutolewa kwanza, kisha cha ateri. Rangi inaingia upande mmoja na kutambaa, waridi juu ya kijivu, na figo inakaza chini ya vidole. Mrija wa mkojo bado haujashonwa kwenye kibofu, umelala wazi juu ya kitambaa cha kijani. Unachuruzika. Kitambaa kinalowa, maji yanafika kwenye viatu vya muuguzi, na hakuna anayelalamika.